Ardhi Iliyoitwa ya Bure: Marekani Ilivyosogea Magharibi

Kabla ya vitambaa vya Bombay na Manchester kulishika soko, kitambaa kilichotawala njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji kiliitwa merikani. Kilikuwa cha pamba, kizito, hakijapaushwa, hakina nakshi. Mpagazi alilipwa kwa merikani, mtemi alipewa hongo ya merikani, na pembe ya ndovu ilinunuliwa kwa merikani. Jina lenyewe lilisema kilikotoka. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 nchi hiyo ikamweka balozi mdogo wake Unguja.

Lakini pamba ya kitambaa kile haikulimwa Massachusetts. Kule kulikuwa na baridi na viwanda. Pamba ililimwa Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo miaka michache nyuma ilikuwa ya mataifa ya wenyeji, Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Waliolima walikuwa watumwa walioswagwa kutoka Virginia na Maryland, wengi wao kwa miguu, wamefungwa minyororo. Naanzia hapa kwa sababu tumezoea kuifikiria habari ya Marekani kusogea magharibi kama mambo ya wachunga ng'ombe na bastola, ya mbali, yasiyotufikia. Yalitufikia mapema sana, yakiwa yamekunjwa katika majora ya nguo.

Kuna njia mbili za kuisimulia habari hiyo. Ya kwanza inasema maskini wa Ulaya na wa pwani ya mashariki ya Marekani walipata ardhi, wakajenga taifa ambalo mtu wa kawaida alikuwa na hati ya shamba lake na kura yake. Ya pili inasema mamia ya mataifa yaliyokuwa na makwao yalinyang'anywa, na utumwa uliokuwa unabanwa pwani ukapata nchi mpya ya kupumulia. Zote mbili zina ukweli mwingi, na hilo ndilo linalonisumbua. Kila upande husoma ukurasa wake na kuuruka wa mwenzake, ilhali karatasi iliyompa mmoja shamba ndiyo ileile iliyomwondoa mwingine.

Njaa ya ardhi ilikuwapo kabla ya Marekani yenyewe. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza aliwapiga marufuku walowezi kukaa ng'ambo ya milima ya Appalachia. Alichoogopa ni gharama: kila mlowezi aliyevuka alileta ugomvi, na kila ugomvi ulihitaji askari. Walowezi walichukia, na matajiri waliokwisha kutia fedha zao kwenye ardhi ya ng'ambo walichukia zaidi. George Washington, ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa upimaji wa ardhi, alikuwa mmoja wao. Tunapofundishwa madai ya uhuru wa Marekani huwa tunatajiwa kodi na uwakilishi. Dai la kufunguliwa njia ya magharibi lilikuwamo pia. Mwaka 1783 walilipata: Uingereza ikawaachia nchi yote hadi Mto Mississippi, na waliokuwa wakiishi humo hawakuwepo mezani.

Taifa jipya lilikuwa na madeni ya vita na hazina tupu. Mali yake kubwa ilikuwa ardhi hiyo ambayo bado haikuwa mikononi mwake. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1785, ambayo kwangu ni muhimu kuliko vita vyote vilivyoandikwa baadaye. Iliagiza nchi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukatwe vipande 36 vya ekari 640, na kipande cha 16 kitengwe kwa ajili ya shule. Mpimaji alitangulia, mnunuzi akafuata. Mito, makaburi, mashamba ya mahindi ya wenyeji, vyote vilikatwa na mistari iliyonyooka. Anayepita leo kwa ndege juu ya Ohio au Iowa bado anaiona miraba ile.

Bei nayo inaeleza mengi. Mwanzoni kipimo cha chini cha kuuziwa kilikuwa kipande kizima, dola 640, fedha ambazo mkulima wa kawaida hakuzishika maishani mwake. Kufikia mwaka 1820 mtu aliweza kununua ekari 80 kwa dola 1.25 kila ekari, yaani dola 100. Mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln akitia saini, ardhi ikawa bure: ekari 160 kwa yeyote aliyelipa ada ndogo, akajenga nyumba, akalima na kukaa miaka 5. Bei iliposhuka namna hiyo, shinikizo la kutafuta ardhi zaidi lilipanda. Watu walikuwa wakiongezeka mno. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watu milioni 3.9, na ya mwaka 1850 ikahesabu milioni 23.

Kisha kulikuwa na pamba. Mashine ya kuchambua pamba aliyoibuni Eli Whitney mwaka 1793 iliifanya pamba ya nyuzi fupi, ile inayostawi mbali na bahari, kuwa zao la faida. Viwanda vya Uingereza na vya New England vilikuwa na njaa isiyoshiba. Zao lenyewe lilichosha udongo haraka, na mwenye shamba akaona ni rahisi kuhamia ardhi mpya kuliko kuirutubisha ya zamani. Kati ya miaka ya 1790 na 1860 watumwa wapatao milioni 1 walihamishwa kutoka majimbo ya zamani ya kusini kwenda kwenye pamba ya magharibi, wengi wakiuzwa na kutenganishwa na wazazi, wake na waume zao. Anayesema upanuzi ulikuwa safari ya watu huru kutafuta maisha bora amewasahau hao milioni 1. Nao walielekea magharibi.

Sababu nyingine ilitoka Haiti. Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson alitaka kununua bandari ya New Orleans tu na viunga vyake. Napoleon, mtawala wa Ufaransa iliyokuwa ikiidai bandari hiyo na nchi yote ya Louisiana, alikuwa amepeleka jeshi Haiti kuurudisha utumwa, na jeshi hilo likamalizwa na wapiganaji weusi pamoja na homa ya manjano. Bila Haiti, Louisiana haikuwa na maana kwake, akaiuza yote: maili za mraba zipatazo 828,000 kwa dola milioni 15. Eneo la Marekani likawa karibu maradufu kwa saini moja. Naiona hii kuwa mojawapo ya dhuluma kubwa za karne ile, kwamba watumwa waliojikomboa kwa damu yao waliwafungulia wenye watumwa wa nchi jirani mlango wa bonde zima la Mississippi. Na Ufaransa iliuza nini hasa? Waosage, Wapawnee na Walakota hawakuwa wamemuuzia Mfaransa nchi yao. Kilichonunuliwa ni haki ya kuwa mnunuzi pekee mbele ya mataifa ya Ulaya. Mwaka 1823 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiweka kanuni hiyo katika sheria: wenyeji wana haki ya kukaa, lakini miliki ni ya aliye"gundua".

Jefferson huyohuyo, katika barua aliyomwandikia gavana wa Indiana, William Henry Harrison, mwaka 1803, alieleza mbinu iliyomfaa zaidi ya bunduki: wafanyabiashara wa serikali wawakopeshe vigogo wa wenyeji mpaka deni liwashinde, kisha walilipe kwa ardhi. Namtaja kwa sababu ni yeye huyo aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na sidhani kwamba aliandika uongo kwa makusudi. Aliamini mkulima mdogo mwenye shamba lake ndiye nguzo ya uhuru. Imani hiyo ilidai ardhi nyingi sana, na ardhi ilikuwa na wenyewe.

Na ile itikadi inayotajwa kwanza kwenye vitabu, ya kwamba Mungu amewaandikia Wamarekani kulitandaa bara lote? Maneno yake mashuhuri yalichapishwa mwaka 1845 na mhariri John O'Sullivan, alipokuwa akitetea kuichukua Texas. Kufikia hapo mataifa ya kusini mashariki yalikuwa yameshafukuzwa. Siipuuzi itikadi, iliwapa watu wa kawaida moyo wa kufanya mambo ambayo bila hiyo yangewatia haya. Ila ilikuja kuipa baraka njaa ambayo ilikuwa imeshakula nusu ya sahani.

Sasa niwape watetezi wa upanuzi haki yao, kwa maana wanayo. Sheria ya mwaka 1787 ya nchi za kaskazini ya Mto Ohio ilifanya jambo ambalo dola za Ulaya hazikulifanya: ilisema eneo jipya likifikisha watu huru 60,000 litakuwa jimbo lililo sawa na majimbo ya mwanzo. Halitabaki koloni la New York au Virginia. Sheria hiyohiyo ilikataza utumwa katika eneo hilo, ambalo leo ni Ohio, Indiana, Illinois, Michigan na Wisconsin. Kwa wakati ule, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Kisha kuna sheria ya ardhi ya bure. Familia zipatazo milioni 1.6 zilipata hati zao, jumla ya ekari milioni 270 hivi, karibu sehemu ya kumi ya nchi nzima. Miongoni mwao walikuwa Wanorwe waliokuwa wapangaji kwao, Wajerumani waliokimbia uandikishaji jeshini, wajane, wanawake wasioolewa waliojiandikisha kwa majina yao wenyewe. Walikuwapo pia watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1877 kundi kutoka Kentucky lilianzisha mji wa Nicodemus katika jimbo la Kansas, na mwaka 1879 maelfu wakakimbilia jimbo hilo kutoka Mississippi na Louisiana, wakiwakimbia watu waliokuwa wakiwaua kwa kosa la kupiga kura. Kwa mtu kama huyo, magharibi ilikuwa wokovu wa kweli, na sina ulimi wa kumwambia alikosea kwenda. Wyoming iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1869, nusu karne kabla ya katiba ya nchi kuwapa wote. Na ngano ya nyanda zile iliposafirishwa kwa reli na meli, mkate wa mfanyakazi wa Ulaya ulishuka bei. Chicago, ambayo mwaka 1833 ilikuwa kijiji cha watu mamia kadhaa, kufikia mwaka 1890 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1. Hayo yote yalitokea, na mamilioni waliishi vizuri kwa sababu yake.

Watetezi wana hoja nyingine inayoniuma zaidi kuijibu. Wanasema wenyeji nao walikuwa wakinyang'anyana ardhi, na ni kweli. Walakota walisogea magharibi katika karne ya 18, wakawasukuma Wakiowa na Wacrow hadi wakaishika milima ya Black Hills. Wacomanche walikuwa dola yenye nguvu iliyovamia kaskazini ya Mexico miaka na miaka. Hawakuwa malaika, na anayewachora kama malaika anawanyima ubinadamu wao. Lakini Wakiowa waliosukumwa waliendelea kuwa Wakiowa, na nchi yao mpya, na viongozi wao, na ngoma zao. Mfumo wa miraba haukumpa aliyeshindwa mahali pa kwenda. Ulikuwa umeshapima na hapo alipotaka kuhamia.

Hoja ninayoikataa kabisa ni ile ya "isingezuilika". Inasemwa kwa upole, kana kwamba ni masikitiko: watu walikuwa wengi, teknolojia ilikuwa kubwa, nani angezuia? Waliotaka kuzuia walikuwapo, na walihesabiwa. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alipopeleka bungeni mswada wa kuyahamisha mataifa ya kusini mashariki kwenda ng'ambo ya Mississippi, Seneta Theodore Frelinghuysen wa New Jersey aliupinga kwa hotuba iliyochukua siku 3. Wanawake wa kaskazini walipeleka maombi bungeni, jambo ambalo halikuwa desturi. Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura, mswada ulipita kwa kura 102 dhidi ya 97. Kura 5. Na majimbo ya watumwa yalikuwa na viti vya ziada kwa sababu katiba iliwahesabu watumwa, kila mmoja kwa sehemu 3 kati ya 5 za mtu, katika kugawa viti. Viti hivyo vya ziada vilikuwa vingi kuliko hizo kura 5. Watu waliofungwa minyororo walihesabiwa ili sauti ya bwana zao iwafukuze watu wengine makwao. Sijui namna ya kulisoma hilo nikaliita majaliwa.

Wacherokee ndio waliokuwa wamefanya kila walichoambiwa kwamba ni ustaarabu. Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikamilisha mwaka 1821 mfumo wa kuandika lugha yao, na kwa miaka michache wengi wao wakajua kusoma. Waliandika katiba mwaka 1827. Mwaka 1828 wakaanzisha gazeti katika lugha mbili. Walikuwa na mashamba, vinu, shule. Matajiri miongoni mwao walikuwa hata na watumwa, na watumwa hao baadaye waliitembea njia ileile ya kufukuzwa. Halafu mwaka 1829 dhahabu ikazua kishindo Georgia. Mwaka 1832 jimbo hilo lilifanya bahati nasibu na kuwagawia raia wake weupe mashamba ya Wacherokee, wenyewe wakiwa bado wanakaa humo. Walikwenda mahakamani, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi yao. Walishinda kesi. Haikuwasaidia kitu.

Mwaka 1835 kundi dogo la Wacherokee, likiongozwa na Major Ridge, lilitia saini mkataba wa kuuza nchi nzima kwa dola milioni 5. Chifu mkuu, John Ross, aliukana na kupeleka Washington maombi yenye majina zaidi ya 15,000, karibu taifa zima. Seneti iliupitisha mkataba huo kwa kura 31 dhidi ya 15; ingepungua kura moja tu, theluthi mbili zilizohitajika zisingetimia. Mwaka 1838 askari wapatao 7,000 waliingia kuwatoa watu majumbani. Kati ya Wacherokee wapatao 16,000 inakadiriwa 4,000 walikufa, wengine kambini kwa surua na kuhara damu kabla hata ya safari kuanza, wengine njiani katika baridi.

Ni vizuri kuyakumbuka magonjwa hayo tunaposikia hoja nyingine ya watetezi, kwamba waliowamaliza wenyeji ni vijidudu na si watu. Ndui iliua wengi sana. Mwaka 1837 iliwafyeka Wamandan wa Mto Missouri karibu wote. Lakini surua katika kambi iliyosongamana, kwa watu wenye njaa waliotolewa nyumbani kwa singe, haikuja yenyewe. California ni mfano mbaya zaidi. Dhahabu ilipoonekana Januari 1848, wenyeji wa huko walikadiriwa kuwa 150,000. Baada ya miaka ishirini na kitu walibaki 30,000 hivi. Magonjwa yaliua, njaa iliua, na vikundi vya wanamgambo waliolipwa na jimbo viliua pia, kijiji kwa kijiji. Gavana wa kwanza wa jimbo, Peter Burnett, alisema wazi mwaka 1851 kwamba vita vya kuwaangamiza vitaendelea mpaka waishe.

Kwa Mexico nitakwenda haraka, ingawa Wamexico hawakuyasahau. Mexico ilipiga marufuku utumwa mwaka 1829 chini ya Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Walowezi wa Kimarekani waliokaribishwa Texas walikuja na watumwa wao na hawakuwa tayari kuwaacha. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za uasi wao wa mwaka 1835 na 1836. Marekani iliichukua Texas mwaka 1845, mwaka uliofuata vita vikaanza, na mwaka 1848 Mexico ikasalimisha California na karibu kusini magharibi yote kwa dola milioni 15. Ukijumlisha na Texas, ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake. Ulysses Grant, aliyepigana vita hivyo akiwa luteni kijana na baadaye akawa rais, aliandika kwamba ni mojawapo ya vita vya dhuluma kuu kuliko vyote ambavyo taifa lenye nguvu liliwahi kuviendesha dhidi ya dhaifu.

Grant aliamini pia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilitokana kwa kiasi kikubwa na vile vya Mexico. Naona alikuwa sahihi, na hapa ndipo hoja ya kwamba upanuzi uliijenga Marekani inapoingia doa kubwa. Kila kipande kipya kilileta swali lilelile: kitakuwa cha watumwa au cha watu huru? Mwaka 1820 walipiga mstari kwenye ramani. Mwaka 1850 wakapatana tena kwa shida. Mwaka 1854 wakaufuta mstari na kuwaachia wakazi wa Kansas waamue, nao wakaanza kuuana. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ikasema Bunge halina uwezo wa kuuzuia utumwa katika maeneo mapya, na kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Lincoln alishinda uchaguzi wa mwaka 1860 kwa ahadi ya kutouruhusu utumwa kuenea magharibi. Hakuahidi kuufuta ulipokuwapo. Hilo tu lilitosha kuwafanya watu wa kusini wajitenge. Watu wasiopungua 620,000 walikufa. Hata Unguja ilitikisika kidogo: merikani iliadimika wakati wa vita, na wafanyabiashara wakageukia nguo nyingine.

Vita hivyo viliumaliza utumwa, na watetezi husema basi mwisho ulikuwa mwema. Lakini angalia mwaka 1862, katikati ya vita. Ndani ya miezi michache Bunge la Lincoln lilipitisha ardhi ya bure, reli ya kuvuka bara na vyuo vikuu vilivyogharimiwa kwa mauzo ya ardhi. Desemba mwaka huohuo wanaume 38 wa Wadakota walinyongwa kwa siku moja huko Mankato, Minnesota, baada ya uasi ulioanza kwa njaa: malipo ya ardhi waliyoiuza yalichelewa, na wafanyabiashara wakawanyima chakula cha mkopo. Lincoln alikuwa amepunguza orodha ya waliohukumiwa kufa kutoka zaidi ya 300. Rehema na kamba vilitoka kwenye meza moja.

Reli ilikamilika Mei 10, 1869, huko Utah, sehemu ya magharibi ikiwa imejengwa na maelfu ya Wachina waliopasua granaiti ya Sierra Nevada kwa baruti. Mwaka 1882 nchi hiyo ikapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia. Kampuni za reli zilipewa zaidi ya ekari milioni 100 za umma, kwa hiyo mkulima wa "ardhi ya bure" mara nyingi alikuta ile nzuri ya karibu na njia ina mwenyewe anayeiuza. Tunapenda kuwaza kwamba magharibi ilijengwa na mtu mmoja na jembe lake. Ilijengwa na serikali kwa askari, wapimaji, ruzuku na mahakama, na yule mtu mmoja alikuja baada ya hao.

Nyati wa nyanda zile walikadiriwa kuwa milioni 30 mwanzoni mwa karne ya 19. Mnamo mwaka 1871 viwanda vya ngozi vilijua namna ya kuifanya ngozi ya nyati kuwa mikanda ya kuendeshea mashine. Wawindaji wakajaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walibaki mamia tu porini. Wako maofisa wa jeshi waliofurahi, kwa sababu Mlakota au Mcheyenne asiye na nyati hana chakula, hana hema, hana nguo, na lazima aje kupanga foleni ya mgawo. Nyasi zenyewe zilipolimwa zote, ukame wa miaka ya 1930 uliupeperusha udongo mpaka maelfu ya wajukuu wa walowezi wakafungasha na kuhama.

Silaha ya mwisho ilikuwa tena karatasi, na ilibebwa na watu waliojiita marafiki wa wenyeji. Sheria ya Dawes ya mwaka 1887 iliigawa ardhi ya pamoja ya makabila kwa kila kichwa cha familia, ili kila mtu awe mkulima mwenye hati, na ziada iuzwe. Waliamini hati humfanya mtu kuwa raia. Kufikia mwaka 1934 ekari milioni 138 zilikuwa zimebaki milioni 48. Watoto walipelekwa shule za bweni kama Carlisle, iliyofunguliwa mwaka 1879, wakanyolewa nywele na kuadhibiwa kwa kusema lugha zao. Katika yote niliyoyataja, hili naliona gumu kuliko mengine kuliamulia, kwa sababu waliolifanya hawakuwa na chuki. Walikuwa na nia njema na uhakika.

Mengi ya hayo bado yako mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, katika sheria ya makosa ya jinai, sehemu kubwa ya mashariki mwa Oklahoma ni nchi ya Wacreek hadi leo, kwa kuwa Bunge halikuwahi kuifuta rasmi nchi waliyotengewa kwa mkataba. Kabla yake ilikuwa kesi ya Black Hills, milima ambayo Walakota wanaiita He Sapa. Mkataba wa mwaka 1868 uliwahakikishia milima hiyo, na ukasema hakuna ardhi itakayotolewa bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 msafara wa kijeshi wa George Custer ulitangaza kuna dhahabu. Mwaka 1877 Bunge liliichukua milima kwa saini za takribani sehemu moja ya kumi. Mgodi mmoja tu wa pale, Homestake, ulitoa dhahabu mpaka mwaka 2002. Kwenye mwamba wa milima hiyo zimechongwa nyuso za Washington, Jefferson, Lincoln na Theodore Roosevelt, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909, akapanda reli hadi Nairobi, na kuwaona walowezi wa Kenya kuwa mfano wa watu wa magharibi ya kwao.

Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba milima ilichukuliwa isivyo halali, ikaamuru fidia ya dola zaidi ya milioni 100 pamoja na riba ya miaka yote. Walakota waliikataa. Walisema hawakuwahi kuuza, na anayepokea bei ndiye aliyeuza. Fedha hizo bado ziko hazinani Washington, zinazidi kuzaa, zimeshapita dola bilioni 1, na watu hao, ambao kaunti zao ni miongoni mwa maskini kabisa katika nchi ile, hawajachukua hata senti.